Kibao Nyuma ya Kigari

Kila asubuhi Bibi alimwona mke wa mwanawe akitoka na watoto, kichanga kigarini, mkubwa wa miaka miwili akiburutwa kwa mkono, na kurudi baada ya saa nzima bila hata kitunguu. Jirani yao, fundi cherehani, alishamnong'oneza Bibi: "Shoga, mkweo haishi kwenda kwa yule seremala. Mimi simo."

Jina la marehemu mume wa Bibi halikuwahi kutiwa doa. Siku hiyo Bibi akavaa raba, akamfuata.

Alimkuta na seremala karakanani, wamechuchumaa, wanacheka.

"Kinachochekesha nini?"

Mkwe alishtuka. "Mama! Nilitaka kikamilike kwanza."

Nyuma ya kigari seremala alikuwa amefunga kibao chenye magurudumu ya kiti cha ofisi. Mkubwa alisimama juu yake, kifua mbele kama dereva wa lori.

"Huyu akichoka anagoma njiani, na siwezi kumbeba huku nikisukuma kigari," mkwe alieleza. "Kila tulipokijaribu kilipinda; leo ndiyo kimekaa sawa."

Bibi alikitikisa kibao, akamtazama na seremala juu hadi chini. Hakuona kasoro.

"Lete, nisukume mimi."

Akapita mbele ya yule jirani fundi cherehani polepole, mara mbili.