Betri za Kidude cha Darini

Mwanangu, naanza na upumbavu wangu mwenyewe, kabla Mama Divine wa nyumba ya chini hajakusimulia kwa ile sauti yake inayosikika mpaka barabarani. Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni siku niliyopanda juu ya kiti cha jikoni, nikakifungua kile kidude cheupe cha mviringo kilichobandikwa darini, nikatoa betri zake mbili na kuzitia kwenye rimoti yangu ya gemu.

Ndiyo, nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na sita na ndevu bado zinafikiria kama zije au zisije. Lakini wewe umefika mtaa huu wa Newburg juzi, umevaa koti la msaada lenye mikono mirefu kuliko mikono yako, na mimi nimekaa hapa Louisville, Marekani, muda wa kutosha kukosea karibu kila kitu. Kwa hiyo mimi ni mzee wako. Kaa chini.

Kazi ya kile kidude ni kunusa. Kinanusa moshi, na kinanusa pia ile hewa mbaya ya mkaa ambayo pua ya mtu haiisikii. Kikinusa kitu, kinalia kama mbuzi aliyeona kisu. Kwetu kilikuwa kinalia kila mama akikaanga samaki, donc, yaani basi, hakuna aliyekipenda. Ukitembelea watu wetu hapa utakuta wengine wamekivisha mfuko wa plastiki, kama mwanamke aliyepakwa dawa ya nywele saluni. Mimi sikukivisha kitu. Nilikitoa matumbo, nikarudisha kifuniko vizuri, nikaendelea na mechi yangu.

Sasa ujue na cheo changu nyumbani. Mama yangu anafanya kazi kiwandani, Jeffersontown, anafunga maboksi siku nzima akiwa amesimama. Kiingereza chake ni "yesi", "sori" na "tenki yu". Mimi ndiye mdomo wake. Benki ni mimi, hospitali ni mimi, ofisi ya nyumba ni mimi. Hata barua ya shule inayosema nimetoroka somo la hesabu naisoma mimi, halafu mama anaambiwa kwamba walimu wanamsalimia sana.

Basi siku chache baada ya zile betri, akaja mama meneja wa majengo yetu kukagua nyumba. Mama akamkaribisha, akamfutia kiti. Meneja akaangalia bomba, akaangalia jiko, akanyoosha kalamu kwenye kidude cha darini na kuuliza kama kinafanya kazi.

"Iko anasema nini, Gloire?" mama akaniuliza.

"Anauliza kama tunapenda hapa."

Mama akafurahi, akamshika yule mzungu mkono kwa mikono yake miwili. "Mwambie tunapenda sana. Mwambie Mungu amubariki na watoto wake."

Nikamgeukia meneja: "Anasema kinafanya kazi vizuri kabisa."

Meneja akaandika, akaenda zake. Nami nikaenda kuwahadithia rafiki zangu, tukacheka mpaka mmoja akapaliwa na soda. Nilijiona mjanja kuliko wote.

Usifikiri ule uongo niliutunga peke yangu. Mjomba wangu wa Columbus alikuwa ametupa fundisho kwa simu tangu tulipofika: "Mtu wa ofisi akiuliza, mujibu yesi. Musilete maneno. Wasiwatoe kwa nyumba." Watu wetu wametolewa katika nyumba nyingi, mwanangu. Kule milimani Kivu ya Kusini, Kongo, walitolewa na bunduki, na kambini ukimbizini walitolewa na mafuriko. Ule woga haukuwa wa kijinga. Mimi ndiye niliyeutumia kijinga.

Halafu baridi ikaja. Shangazi yetu wa Buffalo, ambaye huongea habari za theluji kama mtu anayeongea habari za mkwe wake mbaya, alikuwa ametufundisha kufunika madirisha kwa plastiki na kuziba kila mahali kwa utepe wa gundi. Tukaziba. Hata nzi asingepata njia. Ijumaa moja hita ikafa. Nikapiga simu ofisini, na hiyo nilipiga kweli, wakasema fundi atakuja Jumatatu. Jumamosi asubuhi mama akaitwa kazini.

"Bibi yako asibaki peke yake," akaniambia akifunga viatu. "Umusikie, Gloire. Umupe chai, umufunike."

"Ndiyo, mama."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kochi na blanketi tatu na kofia yangu ya shule. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama vijiko. Nikampa chai. Nikakaa naye kidogo, pumzi zetu zikitoka kama za ng'ombe wa alfajiri. Halafu rafiki yangu wa upande wa pili wa maegesho akaniandikia kwamba kwao hita inafanya kazi na wameanza mashindano. Nikachukua rimoti yangu.

"Unaniacha na baridi, weye?" bibi akaniuliza.

"Bibi, si ulizaliwa milimani? Kule mlikuwa mnalala ndani ya friji bila kulipia umeme."

Akacheka. Bibi alikuwa anacheka kwa mizaha yangu yote, hata ile mibaya. "Nenda, nyani," akasema. "Urudi mbio."

Ningeweza kumchukua. Ni mahali pa kuvuka tu. Ningemshika mkono, tukashuka ngazi polepole, akakaa kwenye kochi la watu akisifiwa na kupewa maandazi. Nakuambia hili kwa sababu ndilo linalonirudia darasani, na kwenye foleni ya chakula, na kanisani wakati wa kufumba macho.

Bibi akafanya alichokijua. Kwenye balkoni tulikuwa na jiko dogo la kuchomea nyama, na mfuko wa mkaa, sisi tunaita makala, uliobaki tangu ubatizo wa binamu yangu. Akauwasha pale pale nje. Akangoja moshi uishe wote, moto utulie, mkaa uwe mwekundu na safi. Huko kwao hakuna mtu mwenye akili anayeingiza makala mabichi ndani, na bibi ana akili. Makala yaliyoiva ndiyo yanayoingia, yanawekwa katikati ya nyumba, wazee na watoto wanayazunguka. Lakini nyumba ile ilikuwa na paa la majani, mwanangu. Paa lenyewe lilikuwa linapumua. Ya kwetu hapa tulikuwa tumeiziba pua na mdomo, na kidude pekee kilichoweza kupiga kelele kilikuwa hakina betri. Betri nilikuwa nazo mimi, ng'ambo ya maegesho, nikizibonyezea mabao.

Mama akarudi mchana. Akamkuta bibi ameanguka kati ya kochi na jiko, uso umegeukia mkaa, kama aliyekuwa anataka kuukoleza. Mama hakujua apige namba gani wala aseme nini. Akapiga namba anayoijua. Yangu.

Nilikuwa na hedifoni masikioni. Akapiga tena na tena. Baadaye ndiyo nikaziona zile simu zote, zimepangana, jina lake juu ya jina lake.

Akambeba bibi mgongoni, kama anavyobebwa mtoto, akamshusha ngazi peke yake akipiga yowe. Mama Divine, ambaye ni Mrundi na ameishi hapa siku nyingi, akatoka na taulo kichwani, akaita gari la wagonjwa. Mimi nilitolewa kwenye mchezo na taa nyekundu zilizopita dirishani. Nilitoka kutazama tu. Nilidhani ni za watu wengine.

Hospitali walimvika bibi kinyago cha hewa. Daktari akaja na nesi, na nesi akasukuma kitablet juu ya meza yenye magurudumu, mwanamke wa Kiswahili yuko ndani anangoja kutafsiri. Bure, ni haki ya mgonjwa. Mama akakisukuma kando kwa upole.

"Mwambie asante," akasema. "Miye niko na wangu."

Wangu nilikuwa mimi.

Nikatafsiri. Kwamba bibi ataishi. Kwamba ile hewa imeumiza kichwa chake, kwamba ya zamani huenda atayakumbuka, ila mapya huenda hayatakaa. Kila neno nililipeleka kama lilivyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na mama alikuwa ananitazama mdomoni. Halafu akapandisha sauti: "Waulize kwa nini kile kitu cha juu hakikulia! Kazi yake si kulia? Ile ofisi imetupangisha kitu kilichokufa! Yule mama alikuja, akakiangalia, akaandika! Waambie!"

Na kabla sijafungua mdomo, nesi naye akauliza, taratibu, kama kengele ya moshi ya nyumbani ilikuwa na betri.

Mwanangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema ni kosa la ofisi, wote wangeamini. Mama alikuwa ameshaanza kuamini. Meneja angefukuzwa kazi labda, na mimi ningeendelea kuwa mdomo wa nyumba.

Rimoti ilikuwa bado kwenye mfuko wa koti langu. Nikaitoa. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa betri, nikaziweka kwenye kiganja cha mama. Zilikuwa na joto la mwili wangu. Nikamweleza kila kitu kwa Kiswahili, nikamweleza nesi kwa Kiingereza, na hata yale maneno ya "tunapenda hapa" nikayasema. Mama hakunipiga. Alifunga kiganja. Halafu akasema maneno machache tu, na nitakuambia alisema nini. Ngoja kwanza nikupe yale niliyokuitia, maana nikishayasema yale ya mama huwa siwezi kuendelea.

Usiguse kidude cha darini. Kikilia kwa sababu ya samaki, fungua dirisha, pepea na kitambaa, tukana ukitaka, lakini kiache kizima. Kikianza kulia kidogo kidogo kama kifaranga, kinaomba betri, kipe. Mkaa usiingie ndani hata kama ni mwekundu na hauna moshi hata kidogo, hasa kama hauna moshi, maana hapo ndipo unapodanganya wazee wetu. Wala usifungue tanuri la jiko la gesi upate joto. Hita ikifa, iambie ofisi kwa simu na kwa maandishi pia, halafu chukua watu wako, wazee kwanza, uwapeleke kwa jirani mwenye joto. Huo si uombaji. Kwetu jirani alikuwa anaamshwa kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mfundishe mama yako kusema anwani ya nyumba kwa Kiingereza, mpaka aiseme akipika, aiseme akisuka. Apige 911, namba ya dharura, aseme "Swahili", asikate simu. Wanatafuta mtu wa kutafsiri, si lazima awe wewe.

Na ukianza kazi, Jeffersontown au popote, msimamizi akikuonyesha mashine na kukuuliza kama umeelewa, na wewe hujaelewa, usiseme yesi. Mjomba wangu wa Columbus nampenda, ila hilo fundisho lake nimelizika. Hakuna neno lililotuumiza hapa kama yesi. Sema hujaelewa. Watakukasirikia dakika moja, na vidole vyako utakwenda navyo nyumbani. Hata mkaguzi wa nyumba akija, mwambie kilichovunjika. Hakutolewa mtu katika jengo letu kwa kusema bomba linavuja.

Hospitalini, mama yako akubali yule mtu wa kwenye kitablet. Akubali hata kama mtoto wake anaongea Kiingereza kama mtangazaji. Mtoto ana siri zake, ana mechi zake, na kuna habari ambazo mtoto hapaswi kuzibeba kutoka kwa daktari mpaka kwa mama yake. Na wewe mdogo mwenzangu uliye mdomo wa nyumba, peleka neno kama ulivyolipokea. Mizaha ifanye na maneno yako mwenyewe. Mimi bado naifanya, si umeona? Ila ya mama siyagusi.

Bibi yuko nyumbani. Anakumbuka ng'ombe wake wote kwa majina, anakumbuka wimbo wa harusi yake, ila hakumbuki kama amekula. Kila siku nikitoka shule nakaa miguuni pake, kuna jambo namwambia. Ananisikiliza mpaka mwisho. Analia kidogo, ananishika sikio, ananiuliza: "Na weye, nyani, haukupata baridi?" Kesho yake hajui kitu, anafurahi kuniona.

Basi, mwanangu, Mungu akupe nyumba yenye joto na madirisha yanayofunguka. Akupe kazi utakayotoka ukiwa mzima, na jirani wa chini mwenye sauti kubwa. Na kama atakupa mtoto mwenye mdomo kama wangu, amuwahi mapema kuliko alivyoniwahi mimi.

Mama alisema hivi, ameshika zile betri, bila kunitazama:

"Bon. Ingia umwambie bibi yako. Na akisahau, kesho umwambie tena."