Siku Niliyomsafishia Shangazi Picha

Kila nikifungua pakiti ya sabuni ya unga, pua inanirudisha kwenye beseni la bluu, uani kwa Shangazi Tumaini, kule Sofu, Kibaha, na aibu inanipanda upya. Nilikuwa na miaka minane. Msiniulize akili nilikuwa nimeiweka wapi.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na studio ndogo ya picha hapo Kibaha. Siku za kazi alipiga picha za pasipoti, za kipaimara na za maharusi wasiotaka kutabasamu. Lakini moyo wake ulikuwa kwa shakwe, wale ndege weupe wa baharini. Likizo ile nilitoka kwetu Maneromango kwenda kukaa naye, na Jumamosi tatu mfululizo tulikwenda ufukweni Bagamoyo. Alitaka picha moja tu: shakwe kwa karibu kabisa, hadi jicho lake lionekane. Jumamosi mbili za kwanza waliruka kabla hajabonyeza.

Ya tatu alilala kifudifudi kwenye mchanga uliolowa, akajivuta kwa viwiko, kidogo kidogo. Mimi nililala ubavuni kwake, nimejifunga khanga ya njano, nimekatazwa hata kukohoa. Jua lilituchoma, mwani ulinuka, na mwanamke yule ambaye nyumbani hakuweza kunyamaza dakika mbili alinyamaza asubuhi nzima. Sijawahi kuona mtu mzima akimnyenyekea ndege namna ile. Hatimaye shakwe mmoja akaja, akasimama hatua tatu mbele yetu, akageuza kichwa. Nikasikia kamera: che, che, che.

Tuliporudi alitoa kadi ya kamera, ndogo kama ukucha, akaiweka mezani.

“Picha zina madoa,” alisema. “Kesho nitazisafisha.”

Kusafisha nilikujua! Kesho yake, yeye akiwa kanisani kwenye kwaya, niliitia kadi kwenye beseni, nikaisugua kwa mswaki, nikaisuuza mara mbili na kuianika kwa kibanio. Aliporudi nilimpokea kwa fahari.

“Shikamoo, Shangazi. Picha nimeshakusafishia.”

“Marahaba. Picha zipi tena?”

Nikamwonyesha kamba ya nguo.

Hakunipiga. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, machozi yakimlenga, nami nikaangua kilio. Kisha akaifukia kadi kwenye debe la mchele ikauke, na siku mbili hatukula wali. Siku ya tatu aliichomeka kwenye kompyuta. Shakwe akatokea, mzima, jicho lake likitutazama. Shangazi alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

“Njoo uone kusafisha kwenyewe,” akaniambia.

Alifuta doa moja moja, akapunguza mwanga kwenye bawa hadi kila unyoya ukajitenga na mwenzake. Nilisahau hata kupenga kamasi. Lakini chini pembeni palibaki ukungu wa njano. Ilikuwa ncha ya khanga yangu, upepo uliipeperusha mbele ya kamera.

“Na hapo, Shangazi?”

“Hapo pako safi, mwanangu.”

Kwa miaka mingi niliamini kompyuta ilimshinda. Leo studio ile naiendesha mimi, na picha ile bado iko ukutani. Kufuta ukungu ule ni kazi ya dakika moja, na yeye aliijua kunizidi. Alitaka niwemo. Wateja wenye macho makali huniuliza mbona sijaisafisha vizuri, nami huwajibu kama nilivyojibiwa.