Ambreyaji Niliinunua, Mama wa Watu Akafia Mlimani

Admin, ficha jina langu, na lile lililoandikwa nyuma ya gari yangu ulifiche pia, maana hapa mjini Baraka tunajuana wote. Ndugu zangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mjane. Nilianza na beseni moja ya ndagala, dagaa wa ziwani, nikaingia kwenye mawese, mwisho nikanunua minibisi ya abiria ya kupanda Baraka mpaka Fizi. Hakuna mwanaume aliyenisaidia hata tairi moja. Shofere ni mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemlea tangu tuko wakimbizi Tanzania.

Mwanzoni mwa mvua gari ilianza kunuka. Anayeendesha gari ya vitesi, gia za mkono, anaijua ile harufu ya ambreyaji, yaani klachi, ikiungua. Unakanyaga mafuta mlimani, moteri inalia, gari haisogei, na pedali inashikia juu kabisa. Sikungoja. Niliagiza Kigoma seti nzima, diski, plato na beringi, nikampa mdogo wangu apeleke garaji. Mimi nina desturi: kipande kikibadilishwa, niletewe cha zamani nikione kwa macho. Jioni akaniletea diski nyeusi, imelika hadi misumari yake inaonekana. Nikakanyaga pedali mwenyewe, imeshuka, iko laini. Nikaamini. Diski nikaitupa nyuma ya jiko.

Njia yetu mnaijua. Gari ikishindwa na mlima, abiria wanashuka, wanapanda kwa miguu, gari inawangoja juu. Siku moja alikuwemo mama mtu mzima ametoka hospitali Baraka, moyo unamsumbua, anarudi kwake Fizi. Moteri ikaanza kulia, watu wakashuka. Yule mama mgonjwa, mdogo wangu alimwambia abaki ndani. Lakini walio nje wakaanza maneno: "Yeye ni nani, abebwe peke yake? Sisi tuko na miguu ya chuma?" Mama akaona haya, akashuka. Katikati ya mlima aliketi kwenye nyasi, akasema apumue kidogo. Hakuinuka tena.

Matangani nilikwenda na unga na mawese. Mdogo wangu akasimama mbele ya mume wa marehemu na bamama wote wa kanisa, akasema: "Mi nilimuambiaka bosi ambreyaji imekufa. Akasema, itafika tu."

Mama aliyekaa karibu yangu alivuta kiti chake akasogea. Tangu siku hiyo sokoni naitwa Mama Itafika. "Mama Itafika, hii ndagala nayo itafika nyumbani, ao tutashuka tuisukume?" Halafu wanacheka.

Nikapeleka gari kwa fundi mwingine, nikakaa palepale akishusha giaboksi. Diski iliyotoka ilikuwa imekwisha kabisa. Nikaenda nyuma ya jiko nikaleta ile niliyoletewa. Nikahesabu meno ya katikati. Ya jikoni kumi na tisa. Ya gari ishirini na moja. Ile ya jikoni haikuwahi kuingia katika gari yangu.

"Mama, hii balikuokotea tu mu vyuma," fundi akasema. "Na yako hakuna aliyeifungua. Balilegeza kamba ya pedali, njo maana uliona iko laini."

Nikanunua seti ya pili, ikafungwa nikiangalia. Kisha nikamwita mdogo wangu. Hakukataa.

"Yaya, dada yangu, muke wangu alijifungua kwa kupasuliwa. Bakamuzuia hospitali na mutoto mpaka tulipe. Nikauzisha ambreyaji."

"Si ungeniambia? Ningekupa."

"Ungenipa. Lakini ungenihesabia kwanza. Kila kitu ulinipa tangu Tanzania, bei yake naijua, kwa sababu ulinitajia."

"Na matangani? Pale nani alikuzuia kunyamaza?"

"Niliogopa. Batoto ya ule mama balikuwa bananiangalia. Mimi bangenipiga mpaka nife. Wewe uko na pesa, uko mama mjane, nani atakugusa?"

Mutoto aliyetolewa hospitali kwa ambreyaji yangu ni wa kike. Amepewa jina langu.

Sasa gari naendesha mwenyewe. Ambreyaji ni mpya, inashika vizuri, inaweza kupanda ule mlima na watu na magunia. Lakini tukifika chini yake, abiria wanasema, "Tushushe hapa, mama." Nawaambia gari imepona. Wanashuka tu, na mimi napanda na gari tupu. Juzi nilishusha wanane. Nikatazama kioo, nikahesabu wanaotembea nyuma yangu: tisa. Mmoja alikuwa mbali na wengine, anapanda polepole kandokando ya nyasi. Mimi ni mtu wa hesabu, watu wa kwenye gari yangu sikosei. Nilipofika juu nikawangoja, wakapanda wanane. Nikauliza kama kuna aliyebaki. Wakaangaliana. Jana ikawa hivyohivyo, na harufu ya kuungua nikaisikia, kwenye ambreyaji ambayo haina hata mwezi.

Wiki hii mume wa marehemu alikuja kwangu. Ni mzee mpole, alikataa kiti. Nikaanza maneno ya kutoa kitu cha kufuta machozi, akanikata.

"Mama, sikukuja kuomba kitu. Mi niko na ulizo moja. Ulijua?"

Nikainuka kumletea maji. Akasema ataniuliza tena Jumapili mbele ya wazee wa kanisa, na batoto wake watakuwepo.

Nikisema nilijua, nitakuwa nimejizika mwenyewe katika huu mji nilimojenga jina kwa mikono yangu, na kwa uongo. Nikisema sikujua, watauliza mara moja: basi nani alijua? Na yule atakayetajwa ana mtoto anayenyonya. Nyinyi mnaosoma, kutukanwa nimeshazoea sokoni, hapa nataka akili zenu. Jumapili nimjibu nini yule mzee?