Fenda za Gari la Mwalimu

Juzi nilisimama kwenye taa za barabarani kule Industrial Area, na kando yangu pakasimama gari dogo la kijana mmoja. Magurudumu yalikuwa mapana ajabu, na juu yake zimebanwa kwa skrubu fenda za plastiki, yale matao ya kufunika tairi. Kijana aliona ninavyotazama, akatabasamu kwa fahari. Nami nikatabasamu, lakini mawazo yangu yalikuwa yameshafika Eastlands, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba zetu, nina miaka kumi, nasikia nyundo.

Utaniambia nyundo zote hulia sawa. Hukumsikia fundi wetu. Alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mtu mfupi mwenye mikono mipana, aliyefanya kazi kwenye karakana siku za wiki, na Jumamosi akanyoosha bodi za magari pale uwanjani. Alipiga bati taratibu, kama mtu anayebisha kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Nyanya yangu, aliyekaanga mandazi kando ya ukuta, alikuwa akisema kwamba siku atakapomsikia fundi akipiga kwa nguvu, atajua yule si yeye.

Mwaka huo mwalimu wetu wa hesabu alifiwa na mumewe. Mwanamke yule tulimwogopa. Akipita mtaani tulificha hata mikono michafu. Mumewe alimwachia gari moja la zamani, jeupe, alilokuwa akilipangusa kila Jumapili. Kabla hajaugua alikuwa amenunua magurudumu manne mapana, akayasukuma chini ya kitanda akingoja siku ya kuyafunga. Siku hiyo hakuiona. Mwalimu alikaa miezi akifagia kuyazunguka. Kisha Jumamosi moja tukamwona anayaviringisha hadi uwanjani, moja baada ya jingine, leso kiunoni.

Fundi alifunga moja, akachuchumaa, akatazama. Tairi lilichomoza nje ya bodi upana wa vidole vitatu.

"Ukiingia kwenye shimo, fenda itakata tairi," alisema. "Na polisi hawatakuacha upite. Ni lazima nikate bodi niipanue. Nikishakata, Mwalimu, hakuna kurudi."

"Kata."

"Nenda ufikirie kwanza. Tuonane wiki ijayo."

"Nimefikiria tangu matanga. Kata, fundi."

Hata hivyo hakukimbilia kukata. Alimwomba nyanya maboksi ya sabuni, akayakata kufuata duara la tairi, akayabandika kwenye bodi, akarudi nyuma hatua kumi kutazama, akayabandua, akaanza upya. Mchana kutwa alihangaika na maboksi. Sisi watoto tulikaa juu ya mawe tukila mandazi ya moto, na harufu ya mafuta ya kukaangia Jumamosi zilizofuata ikachanganyika na ya gesi ya kuchomelea. Mpaka leo nikisikia moja naitafuta nyingine.

Jioni ndipo alipoingiza mkasi wa bati. Kipande cha kwanza kilipoanguka, mwalimu aligeuza uso. Na ni wakati huohuo alipotokea mdogo wa marehemu, aliyekuja kumjulia hali. Aliona lile tundu, akatupa chini mfuko wa matunda aliokuwa amebeba.

"Shemeji, umefanya nini? Hili ni gari la kaka yangu!"

Alimsukuma fundi pembeni, akasema atalivuta gari hivyohivyo lilivyo, alipeleke kwao, kuliko kuliacha lichezewe. Mwalimu alimtazama kwa macho yaleyale ya darasani.

"Haya magurudumu aliyanunua kaka yako mwenyewe. Ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Basi keti."

Akaketi. Mtu mzima, amevaa koti, akaketi kwenye benchi ya nyanya, nasi tukauma vidole tusicheke.

Kazi ilichukua Jumamosi nne. Shemeji hakukosa hata moja. Mwanzoni alikuja kulinda gari. Kufikia ya tatu ndiye aliyekuwa akishikilia chuma kwa ndani huku fundi akigonga kwa nje. Nilimwona fundi akilaza bati juu ya mfuko wa mchanga na kuligonga mpaka likapinda kama limezaliwa hivyo. Alichomelea nukta moja hapa, nyingine kule, kila mara akipoza joto kwa kitambaa kibichi ili bati lisijikunje. Kisha alifumba macho na kupitisha kiganja, akisimama mahali ambapo mimi sikuona kitu, akagonga mara mbili, basi.

Siku ya mwisho alitaka gari lijazwe watu, bodi ishuke aone kama itagusa tairi. Nyanya alikaa mbele, majirani watatu nyuma, mimi nikapakatwa. Mwalimu alishika usukani, akaambiwa aukate hadi mwisho na apite kwenye kile kituta cha karibu na mtaro. Fundi alitembea kando yetu ameinama, sikio karibu na tairi, mkono juu kutunyamazisha. Gari lilizama, likainuka. Hapakuwa na mkwaruzo wowote.

"Mbona halilii?" nyanya aliuliza, na kwa mara ya kwanza nikamwona fundi akicheka.

Tuliposhuka, shemeji alikuwa anapapasa fenda ya nyuma, kutoka mlangoni hadi kwenye taa.

"Uliunga wapi?"

"Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja," fundi akasema.

Shemeji alisimama pale, machozi yakamtoka mbele yetu sote. Mwalimu akamtia funguo mkononi. "Endesha wewe," akamwambia. Wakaondoka pamoja.

Uwanja ule sasa umejaa ghorofa. Nyanya hayupo, fundi pia hayupo, na sijui mtaani kwetu nani leo angeshinda na maboksi ya sabuni mchana kutwa kabla hajagusa mkasi. Simlaumu kijana wa taa za barabarani. Vya siku hizi huja tayari, mtu akafunga akaenda zake.

Mwaka jana nilikwenda kumwona mwalimu. Amestaafu, na gari liko nyuma ya nyumba yake, halitembei tena.

"Kutu imekula milango," aliniambia tukilizunguka. "Imekula sakafu. Juzi imemaliza boneti." Akanionyesha fenda, moja baada ya nyingine, zote nne. "Ila hapa pa fundi, haijapaweza."