Uso wa Mukhwana

Nilipokuwa mtoto sikujua kitu cha mtu mmoja. Nguo zilikuja mbili, vikombe viwili, hata adhabu ilikuja mara mbili, kwa sababu mimi na dada yangu tulizaliwa siku moja. Yeye alitangulia, mimi nikafuata kabla mkunga hajanawa mikono. Aliyetangulia ndiye Mukhwana, mimi ndiye Mulongo. Kwetu Bungoma mapacha huitwa hivyo, hata kama wana majina ya ubatizo. Tulifanana mpaka Baba alikuwa akingoja mmoja wetu aongee ndipo ajue amemshika nani mkono.

Tulikaa jijini, mtaa wa Kawangware, chumba kimoja cha mabati nyuma ya kanisa. Baba alikuwa fundi wa vitanda na viti kando ya Ngong Road. Mama alifua na kupiga pasi katika nyumba ya watu huko Spring Valley. Kukhu, mama yake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kidogo tu, akakaa miaka. Yeye ndiye aliyekuja na sheria za mapacha. Akimpa mmoja yai, wa pili apewe yai. Mmoja akichapwa, wa pili naye aguswe kidogo na fimbo, hata kama wakati wa kosa alikuwa amelala. Hiyo ya fimbo niliilalamikia sana, nikisema mtundu ni Mukhwana. Leo Mungu ananiona, nusu ya ule utundu ulikuwa wangu.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo Kukhu aliisema kwa sauti ya chini. Pacha akiugua asitengwe na mwenzake. Akitengwa, uso wake utapotea.

"Utapotea uende wapi, Kukhu?" niliwahi kumuuliza.

"Utaenda tu. Utaangalia pale ulipokuwa, utapata umekaa uso wa mtu mwingine."

Mpaka leo sijui kama hayo ni ya sisi Wabukusu wote au yalikuwa ya Kukhu peke yake. Baba hakutaka kuyasikia. Alikuwa ameokoka, na alisema mambo ya aina hiyo aliyaacha ng'ambo ya mto Nzoia.

"Mama, hapa sisi tunaomba tu," alimwambia.

"Omba," Kukhu akajibu. "Kwani nimekukataza?"

Mwaka ule tulikuwa darasa la tatu. Tulipata upele wa miguuni, wote wawili kama kawaida, wangu ukakauka, wa Mukhwana ukageuka vidonda. Navyo vikapona. Baada ya siku kadhaa akaanza kushika kichwa na kutapika. Mwili ukawa moto. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, na kutoka hapo wakatumwa hospitali kubwa ya mjini, akalazwa. Tukaambiwa ni malaria. Wakamtundikia chupa ya maji ya mshipani, Mama akabaki naye.

Nyumbani nilibaki na kitanda kizima peke yangu, na sikukipenda. Kukhu aliendelea kuchemsha mayai mawili. Moja langu, moja la Mukhwana, analiweka kwenye kisahani juu ya kabati. Hilo la Mukhwana nilikuwa nalila Kukhu akienda kuteka maji. Jioni nilipiga magoti na kuomba dada yangu arudi, na ukweli ni kwamba niliomba hivyo kwa sababu nilikuwa nasikia baridi mgongoni. Nadhani Mungu hupokea hata maombi ya namna hiyo, maana hapati mengi yaliyo bora zaidi kutoka kwangu.

Baba alikuwa akitoka kazini anapitia hospitali, anarudi usiku amechoka. Kukhu alimuuliza swali lile lile kila mara.

"Uso wake uko aje?"

"Uso ni uso, Mama. Amelala tu sana. Mama yao anasema umevimba, lakini sista amemwambia mtoto ana mashavu mazuri."

"Na yeye akasema nini?"

"Akasema sawa."

Mama yangu alikuwa mtu wa kusema sawa kutwa nzima katika nyumba ya watu. Ulimi ulikuwa umezoea. Lakini Kukhu aliposikia habari ya mashavu aliweka sufuria chini. Mukhwana hakuwa na mashavu. Mimi mwenyewe sikuwa na mashavu. Tulikuwa wembamba kama mishikaki.

Jumapili baada ya ibada alinivalisha gauni la kijani, lile ambalo mwenzake Mukhwana alikuwa amelivaa kwenda hospitali, akanishika mkono. Baba alisimama mlangoni.

"Mama, watoto hawaruhusiwi kule. Utatuaibisha."

"Nitakuaibisha, halafu tutarudi nyumbani tukule."

Baba akatufuata nyuma, na Biblia yake kwapani.

Getini kulikuwa na askari kijana, amekaa kwenye kiti cha plastiki. "Shosho, watoto hawaingii wodi."

"Huyu hajakuja kutembelea," Kukhu akasema. "Huyu ni mgonjwa."

Askari akaniangalia. Nilikuwa natafuna muwa. "Huyu anaumwa na nini?"

"Anaumwa nusu. Nusu ingine mmeilaza huko juu tangu Jumanne."

Kijana akacheka mpaka akainamisha kichwa. "Shosho, wewe utanifutisha kazi."

"Papa," Kukhu akamwita, kama anavyoitwa mtoto wa kiume kwetu, "uko na mama?"

"Niko naye."

"Akikuja hapa amebeba maneno ya mtoto wake mgonjwa, wewe unataka afunguliwe ama afukuzwe?"

Askari aliacha kucheka. Hapo ndipo Baba, ambaye njia nzima alikuwa ananuna, alisogea mbele. "Afande, nakuomba tu. Ni mapacha. Waonane, tutoke." Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akimwomba mtu kitu. Askari aligeuka akaanza kusalimia dereva aliyekuwa akiingia, na mgongo wake ukatuambia tupite.

Wodini madaktari walikuwa wakizunguka. Nilimwona Mama kwanza, amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikaangalia kitandani kumtafuta Mukhwana, sikumpata. Alikuwa amelala hapo mtoto mwingine. Macho yake yalikuwa mistari miwili tu, ngozi ya uso imevutika, inang'aa. Niliangalia kitanda cha pili. Nikaangalia tena kwa Mama. Ndipo yule mtoto akasema, kwa sauti ya dada yangu, "Mulongo, umeniletea muwa?"

Nilipiga nduru. "Kukhu, umepotea! Uso wake umepotea! Huyu si Mukhwana!"

Wodi nzima iligeuka. Sista aliyekuwa ameshika chupa nyingine mpya ya maji akauliza, "Nani ameingiza mtoto hapa?"

Kukhu alinisukuma kwa mabega hadi kichwani mwa kitanda. "Lala hapo. Weka kichwa karibu na chake." Nikalala, nikilia, sikio langu likigusa lake. Halafu akaita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mayi! Wewe mama daktari! Kuja uangalie. Hawa uso wao ni mmoja. Huyu bado yuko nao, huyu umemtoka. Mimi sitaki maneno mingi. Nirudishie uso wa mtoto wangu."

"Shosho, tuko kazini," sista akasema.

Lakini daktari alikuwa amegeuka. Alikuwa dada kijana mwenye suruali ya bluu, na tayari alikuwa ameshapita kitanda chetu. Alirudi. Akaniangalia mimi, akamwangalia Mukhwana, akanirudia mimi.

"Hawa ni wa kufanana kabisa?"

Alimuuliza Mama, na Mama, yule wa kusema sawa, akasimama. "Baba yao mwenyewe huwakosea. Daktari, nilisema uso umevimba. Nilisema jana. Nilisema juzi. Nikaambiwa ni mashavu." Alimaliza na hakukaa.

Daktari alinibonyeza mguu kwa kidole gumba juu ya mfupa, ngozi ikarudi mahali pake. Akabonyeza wa Mukhwana. Pakabaki shimo, kama kwenye unga wa chapati.

"Mkojo wake uko na rangi gani?"

"Kama soda nyeusi," Mama akasema.

"Mbona hukusema?"

"Hiyo sikuulizwa."

Daktari alitazama ile chupa. Kisha akamwambia sista, bila kelele, "Hiyo chupa usiitundike. Na hii nyingine itoe." Wakaleta mashine ya kupima presha, ikafungwa kwenye mkono mdogo wa Mukhwana, na nilimwona daktari akiirudia mara ya pili kama mtu asiyeamini. Baadaye aliwaeleza Baba na Mama kwamba shida ilikuwa figo. Vile vidonda vya miguuni ndivyo vilivyoanzisha, na maji yalikuwa yakiingia mwilini hayana pa kutokea. Chupa ile mpya ingemzidishia mtoto mzigo asioweza kuubeba.

"Sisi tumemjua akiwa hivi," alisema. "Tukadhani ndivyo alivyo. Pole sana, Mama."

Nimeishi na hiyo pole. Daktari alimwambia mama yangu pole mbele ya watu, na hakuna kitu kilichompungukia.

Sista alipotoa sindano ya maji kwenye mkono wa Mukhwana, akabandika plasta. Kukhu akanisogeza mbele. "Na huyu?"

"Huyu amefanya nini, Shosho?"

"Mwenzake amebandikwa."

Sista alitazama juu kama anayeomba subira, halafu akacheka, akanibandika plasta mahali pale pale. Niliivaa mpaka ikawa nyeusi, ikaanguka yenyewe. Daktari akaagiza niwe naletwa kila mchana nisimame kando ya kitanda. Alisema mimi ndiye kipimo chake. Nilitembea mbele ya yule askari wa getini nikiwa na kazi.

Uso ulirudi polepole. Kwanza macho, halafu kidevu, mwisho mashavu yakaisha, tukawa mishikaki wawili tena. Kukhu alisema umerudi kwa sababu niliuonyesha njia. Baba alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Bwana ameponya, na habari ya nduru yangu akairuka. Kukhu alikaa kwenye benchi la pili akiitikia amina kubwa kuliko wote.

Sasa mimi ni mtu mzima. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, nashona nguo hapa mtaa wa Satellite, na nimeokoka kama Baba. Siamini kwamba uso wa pacha huondoka ukaenda zake. Mchungaji wangu asiwe na wasiwasi. Lakini nimeona kwamba mgonjwa akifika hospitali anafika bila uso wake. Wanaompokea hawakumwona akicheka, hawakumwona akigombana na kuku. Wanampima yule aliyelala mbele yao, wakidhani ndivyo alivyo, na si ubaya wao. Lazima mtu atoke nyumbani awapelekee ule uso mwingine, na akiambiwa ni mashavu, asiseme sawa. Namshukuru Mungu kwamba alimweka daktari wa kugeuka. Namshukuru pia kwa Kukhu, ambaye alilazwa kaburini kwao Bungoma zamani, na sidhani kwamba Mungu ananikasirikia nikiwataja kwa pumzi moja.

Kwa hiyo siku hizi, mtu wetu akilazwa, mimi huenda na picha yake akiwa mzima. Naiweka kwenye kikabati cha kitanda, na nikimwona daktari nasema, huyu ndiye mwenyewe, tafadhali tusaidie arudi hapa. Wengine hutabasamu tu. Wengine huishika wakaiangalia vizuri, na maswali yao hubadilika.

Mwaka huu Baba alishikwa na kifua. Sasa amepona, amerudi kwenye randa yake, sifa kwa Mungu. Lakini asubuhi ile hakuwa na nguvu, ilibidi mimi na Mukhwana tumshike huku na huku. Tulipofika mlango wa hospitali alisimama. Nikadhani pumzi imekata.

"Umebeba picha?" akauliza.

"Nimebeba, Baba."

"Gani?"

"Ile umekaa kwa kitanda kimevunjika, unacheka."

Alivuta pumzi, akatuangalia, mimi kisha Mukhwana, au Mukhwana kisha mimi, sidhani hata siku hiyo alikuwa na hakika.

"Basi tuingie," akasema.