Puto Jekundu Juu ya Uwanja wa Besiboli

"Nikiamka nitauona. Nikipiga mswaki nitauona. Nikifa mtanizika chini yake, na mtandao ukikatika mtakuja kunifukua mniulize kama nimeukalia," alisema Gary Petrucci, na hapo alikuwa bado na makombo ya samaki kwenye ndevu.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Kwetu huku, magharibi ya Pennsylvania, Ijumaa za Kwaresima wanaosali na wasiosali hukutana ukumbi wa zimamoto kula samaki wa kukaanga na kabichi. Mikutano ya mtaa hufanywa baada ya sahani kuondolewa, kwa kuwa mtu aliyeshiba hugombana vizuri zaidi.

Ugomvi ulikuwa wa mnara wa simu. Mtaa wetu, Orchard Glen, umejikunja bondeni kama paka, vilima pande zote, na simu ya mkononi ukishaingia nayo mtaani inabaki kuwa saa. Kila mtu alitaka mtandao. Mnara hakuna aliyeutaka. Kampuni ya simu ikaja na dawa yake: mnara utavishwa matawi ya plastiki, ufanane na msonobari. Mrefu mara tatu kuliko mti wowote wa mtaani, lakini msonobari. Doreen Falk, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alikuwa amepitisha vipande vya majani ya plastiki meza kwa meza ili watu wachague kijani wanachokipenda, na walikuwa wameshateta zaidi juu ya kijani hicho kuliko walivyowahi kuteta juu ya shule ya watoto wao.

Ukweli ni kwamba nusu ya ukumbi iliogopa mionzi. Lakini sheria ya nchi haikubali mnara ukataliwe kwa sababu ya afya, na Doreen alimkatiza kila aliyetaja kichwa kuuma. Basi watu wakasema mandhari. Mandhari yataharibika, mandhari ya jikoni, mandhari ya bafuni. Hata hofu nayo ilikuwa imevishwa matawi.

Bernadine Hruska alikaa nyuma, karibu na birika kubwa la kahawa, akimtolea mumewe, Emil, miiba ya samaki. Emil alikuwa mwendesha winchi wa kiwanda cha chuma, mtu wa mabega, aliyekuwa akinyanyua sufuria la chuma kilichoyeyuka na kulitua kama yai. Kiwanda kilibomolewa zamani. Siku hizi akili yake nayo ilikuwa ikibomoka, tofali moja moja, na ikimjia saa ya zamu anachukua kibati chake cha chakula anatoka kwenda kazini.

Alikuwa ameshapotea mara mbili. Binti yao Colleen, aliye muuguzi Columbus, alimletea baba yake bangili ya kumfuatilia: popote aendapo, simu ya mama inaonyesha. Kule Columbus ilifanya kazi kama uchawi. Huku Orchard Glen, bila mtandao, ilikuwa pambo la mkono. Colleen si mtoto mbaya, ila alishachoka kupigiwa simu za vilio. "Mama, akipotea mara moja tena nampeleka Maple Court," alisema, na Maple Court ni nyumba ya kutunzia wazee, ng'ambo ya mto. Bernadine alikuwa amemwahidi Emil, wakati Emil bado anaelewa maana ya ahadi, kwamba atafia kitandani kwake.

Kwa hiyo Gary alipovuta pumzi, Bernadine akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama mikutanoni.

"Wekeni kwangu," alisema. "Nyuma ya banda. Hata msiuvishe majani."

Prentiss, mtu wa kampuni, mrefu mwenyewe kama mnara, akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Mnara hukaa mbali na nyumba kwa kadiri ya urefu wake, ili ukianguka uangukie nyasi. "Ukianguka wa kwako, Bi Hruska, utaingia jikoni kwa Bwana Petrucci."

"Angalau nitakuwa nimeuona kwa karibu," akasema Gary, na watu wakacheka. Bernadine naye alicheka kidogo, maana Gary ndiye aliyekuwa akimwondolea theluji barazani kila majira ya baridi bila kuombwa.

Pahali pa pekee palipofaa, Prentiss alisema, ni nyuma ya uwanja wa besiboli. Ikakubaliwa Jumamosi walipime kwa puto, kama ilivyo desturi: puto jekundu linafungwa kamba, linapandishwa hadi kimo cha mnara, na kila mtu anatazama kutoka dirisha la jikoni kwake. Anayeliona anaandikisha malalamiko.

Jumamosi ile mtaa mzima ulikuwa umeinua shingo. Ulitaka usilione puto, na ukilikosa unalitafuta. Mama mmoja alipanda juu ya mashine ya kufulia ndipo akaliona, akaenda kulalamika na vumbi magotini. Gary jikoni kwake hakuliona kabisa. Akatoa ngazi, akaegemeza paani, akapanda mpaka kwenye bomba la moshi, akaliona, akashuka ameridhika na hasira zake.

Mtu mmoja tu alikuwa akiomba alione. Prentiss alikuwa amemwambia Bernadine kwamba puto likionekana uani kwake, basi na mtandao utafika. Alimkalisha Emil kwenye kiti chake, akamwekea redio, akatoka nyuma na aproni. Hakuona kitu. Akasogea hadi kwenye kamba ya nguo. Hakuona kitu. Halafu upepo ukatulia, na juu ya paa la jirani likachomoza, jekundu, dogo kama nyanya, likasimama.

Alisimama akilitazama. Hatujui kwa muda gani, na yeye hakupenda kuulizwa. Aliwaza usingizi. Aliwaza kuoga mlango ukiwa umefungwa, kama watu wengine. Aliporudi ndani redio ilikuwa ikiimba peke yake, na kibati cha chakula hakikuwepo juu ya friji.

Alikimbia barabarani na simu mkononi. Simu ikamwambia hakuna mtandao. Akaipandisha juu ya kichwa, akapanda juu ya gari la mtu, hakuna mtandao. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na ajabu ni kwamba Emil alikuwa amepita mbele ya nyumba zote zile, mchana kweupe, mzee mwenye kibati na malapa, na hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wakitazama juu.

Tuseme la haki: waliposikia, hakuna aliyebaki nyumbani. Prentiss aliliacha puto likaenda zake. Wazimamoto walipiga king'ora. Doreen alivua viatu vyake vizuri akaingia vichakani na soksi. Gary ndiye aliyemkuta, jua likiwa linashuka, kwenye kijito kilicho njia ya kiwandani, kakaa kwenye maji hadi kiunoni, midomo ya buluu, anamweleza mtu asiyeonekana kwamba winchi imekwama. Gary alimbeba mgongoni kupanda kilima chote, mtu wa mabega yale, akilia waziwazi na kumwita mzee wangu.

Emil alipona. Wiki ile nyumba ya Bernadine haikukosa chakula: pierogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, kabichi na tambi, keki tatu. Colleen alikuja, akapanga nguo za baba yake kwenye begi, akaliweka karibu na mlango. Mama alimsihi. Alimwambia mnara ukipitishwa tu, basi, bangili itafanya kazi, hatapotea tena. Colleen alifikiri sana. "Haya. Nasubiri mkutano wa Ijumaa. Wasipopitisha, tunaondoka naye kesho yake."

Ijumaa Bernadine alimwacha Emil na Colleen, akaenda akiwa amevaa koti lake la kanisani. Ukumbi mzima ulisimama kumpokea. Gary alikuwa wa kwanza kusema, na safari hii hakufanya mzaha. Alisema anampenda Emil kama baba, na kwamba lililotokea lisitokee tena kamwe. Ila uwanja wa besiboli, jamani, watoto wanacheza pale. Na malalamiko ya puto ni mengi, Doreen akaongeza, kamati haiwezi kuyafumbia macho. Kwa hiyo walikuwa wamekaa, wakatafuta, wakapata pahali pasipomuudhi mtu: machimbo ya zamani, nyuma ya kilima.

Bernadine alimgeukia Prentiss, akamuuliza taratibu kama mnara ukiwa kule mtandao utafika mtaani kwake.

Prentiss alitazama meza. "Utafika barabara kuu," alisema. "Kwenu hapana, Bi Hruska. Kilima kinaziba."

Doreen hakusikia, au alisikia akadhani ni jambo la kiufundi. Macho yalimjaa machozi ya furaha. Alisema kamati nzima imeafikiana, hakuna hata mkono mmoja uliopinga, na kwamba kutakuwa na kibao cha shaba chini ya mnara.

"Tutauita Msonobari wa Emil," alisema. "Tuambie, Bernadine. Umefurahi?"

Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Bernadine alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akapita katikati ya meza na watu wakimgusa bega, akasukuma mlango, akashika njia ya kurudi bondeni, kwenye begi lililokuwa likisubiri karibu na mlango.