Ni Fyuzi Tu

Kijiweni kwetu mafundi wa pikipiki tulimwita Daktari, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimletea pikipiki inayokohoa, haigusi kwanza. Anainamisha kichwa, anasikiliza, kisha anataja ugonjwa. Alianza utotoni, alipoifungua redio ya mama yake na kuirudishia huku skrubu kadhaa zimembakia mkononi. Redio haikusema tena, lakini mama hakumchapa. Alimwambia tu, "Siku nyingine anza na kitu kilichokwisha kuharibika." Mama huyo aliwalea peke yake, yeye na dada yake, na Daktari alimpenda mpaka tukawa tunamtania kwamba hataoa.

Asubuhi moja dada yake akapiga simu kutoka hospitali: mama amezidiwa, anakutaja, njoo upesi. Daktari akawasha pikipiki, nami nikamfuata na yangu, maana kwa hali ile hakuwa mtu wa kuachwa peke yake barabarani.

Hatukufika mbali, yake ikazimika ghafla. Akabonyeza honi, kimya. Taa hakuna, stata hakuna, na kiki aliipiga mpaka jasho likamtiririka.

"Panda kwangu," nikamwambia. "Hii tumwachie mwenye duka pale."

"Ni fyuzi tu. Dakika moja."

Akafungua siti. Betri ilikuwa nzima, nyaya zake zimekaza. Fyuzi kweli ilikuwa imeungua, na nilimwona akitabasamu kidogo, kwa kuwa alikuwa amepatia. Akaweka ya akiba. Taa zikawaka. Akageuza usukani tuondoke, zikazima tena. Ya akiba nayo imeungua.

"Kaka, ngoja ngoja huumiza matumbo. Panda!"

"Kuna waya unagusa chuma. Nikigeuza usukani ndiyo inakata, umeona? Nimeshaijua hii."

Hapo nikakasirika kwelikweli. Sisi mafundi tuna ugonjwa wetu: kosa tukishalinusa, hatuwezi kuliacha njiani. Mtu mwingine yeyote angerukia pikipiki yangu. Yeye alilegeza tangi la mafuta, akazipapasa nyaya kwa vidole, akaupata waya uliochubuka karibu na shingo ya usukani, akaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Fyuzi hatukuwa nayo tena, akaungia kwa uzi mmoja mwembamba wa shaba. Pikipiki ikawaka alipoigusa tu. Kazi safi, sijaona safi kama ile, na niliichukia.

Hospitalini tulimkuta dada yake kwenye benchi nje ya wodi, ameshika viatu vya mama. Alikuwa amemaliza kulia. Daktari akasimama mbele yake, mikono imejaa grisi.

"Amelala?" akauliza.

"Ametutoka, kaka. Sasa hivi tu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kitanda chake kiko dirishani. Kila pikipiki ikipita ananiuliza, 'Ndiye huyo?' Namwambia bado, mama, yuko njiani. Inapita nyingine, anauliza tena. Mwisho akaacha kuuliza."

Daktari akaketi pale pale sakafuni, akamlilia mama yake kwa sauti, na sisi wawili tukashindwa kumnyanyua.